Ernest Hemingway: Mteja wa baa za kifahari aliyeungulia Shimoni

Wageni wanaokuja Diani mwaka baada ya mwaka wana tabia moja inayofahamika vyema na wahudumu wa hoteli za ufuo huo. Hawatafuti mahali papya. Punde tu wanapotua mizigo, huelekea kwenye mkahawa uleule na baa ileile waliyoiacha mwaka uliotangulia, huketi kwenye kiti kilekile, na hungoja mhudumu alitamke jina lao kabla hawajaagiza chochote. Wakikuta kiti kimekaliwa na mwingine, huona kana kwamba wameibiwa.

Katika karne ya 20 ni vigumu kumtaja mtu aliyeipa tabia hiyo umaarufu kumshinda Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1954. Mjini Havana, Venice na Paris kuna baa ambazo hadi leo hujivunia kwamba alikuwa mteja wao. Lakini si wengi, hata katika Kaunti ya Kwale kwenyewe, wanaofahamu kwamba mwaka huohuo wa tuzo mwandishi huyo alikaa kambini Shimoni, yapata kilomita 50 kusini mwa Diani, mwili wake ukiwa umeharibika vibaya, na kwamba aliondoka huko akiwa na majeraha zaidi ya yale aliyokuja nayo.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto 6 wa Daktari Clarence Hemingway na mkewe Grace, aliyekuwa mwanamuziki. Oak Park ulikuwa mji wa wacha Mungu ambako uuzaji wa pombe ulipigwa marufuku. Pengine ni kinaya cha maisha kwamba mji huo ndio uliomtoa mnywaji mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Marekani. Baba ndiye aliyemfundisha kuvua samaki na kulenga shabaha, na mapenzi hayo mawili ndiyo yaliyomleta Afrika Mashariki baadaye.

Hakuingia chuo kikuu. Mwaka 1917 aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star, ambako alijifunza kuandika sentensi fupi zisizo na mapambo. Mwaka uliofuata alijiunga na Msalaba Mwekundu wa Marekani kama dereva wa ambulensi nchini Italia, na usiku wa Julai 8, 1918 kombora lililipuka karibu naye huko Fossalta, kando ya Mto Piave, likamjeruhi vibaya miguuni. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka 19.

Mapenzi yake na mikahawa yalianzia Paris, na yalianza kwa sababu ya ufukara wala si anasa. Alifika huko Desemba 1921 na mkewe wa kwanza, Hadley Richardson, akiwa mwakilishi wa gazeti la Toronto Star. Nyumba waliyoipanga kwanza haikuwa na maji ya moto, na ile waliyohamia mwaka 1924 ilikuwa juu ya kiwanda cha kupasulia mbao. Kijana huyo alichukua daftari na kalamu zake za risasi akaenda kwenye mkahawa wa Closerie des Lilas, uliokuwa karibu na nyumbani. Kikombe kimoja cha kahawa kilimpa haki ya kukaa kwenye meza, mahali penye joto, kwa saa kadhaa. Kwake yeye mkahawa ulikuwa ofisi kabla haujawa starehe, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini baadaye alizing'ang'ania meza za watu wenye pesa hana budi kuanzia hapo.

Riwaya yake ya mwaka 1926, The Sun Also Rises, ilimpa jina, na ndoa yake ya pili, aliyofunga na Pauline Pfeiffer mwaka 1927, ikamfungulia mlango wa utajiri. Ami yake Pauline ndiye aliyetoa dola 25,000 za safari ya kwanza ya Afrika. Mnamo Desemba 8, 1933 Hemingway na Pauline waliteremka melini katika bandari ya Mombasa, kisha wakapanda hadi Nairobi na kushukia New Stanley, hoteli ambayo leo inaitwa Sarova Stanley.

Mwongozaji wao alikuwa Philip Percival, mwindaji wa kizungu aliyekuwa na shamba katika vilima vya Potha, Machakos. Kabla ya msafara kumalizika, Hemingway alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu huko Tanganyika, ikabidi ndege ndogo imchukue kutoka Serengeti na kumrudisha Nairobi. Njiani alipita karibu na Mlima Kilimanjaro, na watu waliosoma hadithi yake kuhusu theluji ya mlima huo, iliyochapishwa mwaka 1936, wanajua alichokifanya na safari hiyo. Alipata nafuu kitandani New Stanley. Mwisho wa msafara alikwenda pwani, akavua samaki katika maji ya Malindi, na mara tu aliporejea Marekani mwaka 1934 akaagiza kujengewa mashua yake mwenyewe, Pilar.

Mashua hiyo ndiyo iliyomvuta Havana, na Havana ndiko alikokuwa mteja wa kudumu kwa maana kamili ya neno hilo. Katika miaka ya 1930 alikuwa akilala katika hoteli ya Ambos Mundos, iliyo kwenye barabara ya Obispo. Mwisho mwingine wa barabara hiyo ilikuwapo, na ipo hadi sasa, baa na mkahawa wa El Floridita, uliokuwa na historia tangu 1817. Hata baada ya kuhamia Finca Vigía, nyumba aliyoinunua mwaka 1940 nje ya mji, aliendelea kuja. Utaratibu wake ulifahamika na kila mtu. Aliamka alfajiri, akaandika akiwa wima mbele ya rafu ya vitabu hadi karibu adhuhuri, akahesabu maneno aliyoyaandika, akaogelea, kisha akateremka mjini kwa gari.

Kiti chake kilikuwa mwisho wa kaunta, upande wa kushoto, mgongo ukiwa karibu na ukuta, mahali ambapo aliweza kumwona kila anayeingia. Nyuma ya kaunta alikuwapo Constantino Ribalaigua, mzaliwa wa Catalonia nchini Uhispania, ambaye wateja walimwita Constante. Bwana huyo ndiye aliyeifanya daiquiri, yaani ramu nyeupe iliyochanganywa na maji ya ndimu, sukari na barafu iliyosagwa, kuwa kinywaji cha kuwasafirisha watu kutoka nchi za mbali. Kwa ajili ya Hemingway aliondoa sukari na kuongeza ramu maradufu. Kinywaji hicho kiliitwa kwa lakabu ya mteja wake, Papa, na bado kinauzwa kwa jina hilo. Wanywaji walieneza habari kwamba siku moja alimaliza glasi 16. Hadithi za baa hukua kadiri zinavyosimuliwa, lakini kwamba alikunywa kupita kiasi hakuna aliyekanusha, hata yeye.

Floridita haikuwa baa ya kila mtu. Ilikuwa ya matajiri wa Cuba, wanasiasa, wacheza sinema na Wamarekani wenye likizo ndefu. Wavuvi aliokuwa akienda nao baharini walikunywa kwao Cojímar, kijiji cha pwani mashariki mwa Havana, katika mkahawa wa La Terraza. Ni vyema ikumbukwe kwamba Hemingway alikwenda huko pia, na kwamba kitabu kilichomletea Tuzo ya Pulitzer mwaka 1953, The Old Man and the Sea, kinamhusu mvuvi maskini. Alikula na kuburudika kwa matajiri, lakini hadithi yake kuu ya uzeeni aliichota kwa wanyonge.

Baa yake ya pili ilikuwa Venice. Harry's Bar ilifunguliwa mwaka 1931 na Giuseppe Cipriani, aliyekuwa mhudumu wa baa hotelini. Husimuliwa kwamba Cipriani alimkopesha pesa Mmarekani mmoja kijana, Harry Pickering, aliyeishiwa akiwa ugenini. Pickering alipotea, kisha akarudi kulipa deni pamoja na nyongeza kubwa iliyotosha kufungulia biashara, ndiyo sababu baa ikapewa jina lake. Hemingway alianza kuizoea mwishoni mwa miaka ya 1940, akapewa meza yake ya pembeni, na akaitia baa hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1950, Across the River and Into the Trees. Wahakiki waliikejeli riwaya hiyo. Baa ilipata faida kuliko mwandishi.

Kuhusu Hoteli ya Ritz mjini Paris, simulizi ni maarufu mno: kwamba Agosti 25, 1944, siku Paris ilipokombolewa, Hemingway aliingia hotelini na kundi la wapiganaji na kuikomboa baa. Ukweli ni kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Alichokikomboa ni pombe ya hoteli.

Afrika ilimrudisha miaka 20 baada ya safari ya kwanza. Agosti 1953 aliteremka tena Mombasa, safari hii na mkewe wa nne, Mary Welsh. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni haikuchukia kuona mtu mashuhuri akiwaonyesha watalii kwamba nchi ingali inatembeleka. Jarida la Look lilimlipa na kumpa mpiga picha. Percival, aliyekuwa amestaafu, alikubali kumwongoza tena. Walipiga kambi katika nchi ya Wamaasai chini ya Kilimanjaro, ambako Hemingway alipewa cheo cha heshima cha mlinzi wa wanyamapori, akanyoa kichwa, akawinda kwa mkuki na kutaka ahesabiwe kuwa Mkamba.

Hapa pana jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita mbio. Wakamba waliokuwa naye porini, ambao aliwaita ndugu na ambao ustadi wao wa kufuata nyayo ulimpatia wanyama wake, hawangeweza kuketi kando yake kwenye baa za hoteli kubwa za Nairobi. Ubaguzi wa rangi uliwafungia mlango. Wao waliingia humo kama watumishi. Mtu aliyeona kiti cha baa kuwa nyumbani kwake hakuacha maandishi ya kuonyesha kwamba jambo hilo lilimkosesha raha sana.

Mnamo Januari 1954 alimkodia Mary ndege ndogo, kama zawadi, wakaone Kongo na maziwa makuu kutoka angani. Januari 23, karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, ndege hiyo iligonga waya wa simu wa zamani na kuanguka. Walilala porini, kesho yake wakaokolewa na boti iliyowapeleka Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine ili wapelekwe Entebbe. Ndege hiyo ilishika moto ikijaribu kupaa. Mlango ulikwama, naye akaubomoa kwa kichwa.

Magazeti duniani kote yalitangaza kwamba amefariki. Aliletwa Nairobi, akalazwa katika hoteli yake ileile ya New Stanley, na akawa anasoma tanzia zake mwenyewe kitandani. Ilimfurahisha. Lakini nyuma ya kicheko fuvu lake lilikuwa limepasuka na ubongo umetikisika, ini, bandama na figo vilikuwa vimejeruhiwa, pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimeathirika, na sikio na jicho moja havikufanya kazi sawasawa. Mtu wa namna hiyo angepaswa kukaa hospitalini miezi kadhaa.

Badala yake alikwenda Shimoni. Likizo ya kuvua samaki pwani ya kusini ilikuwa imepangwa kabla ya ajali, na Mary alikuwa ameitazamia kwa hamu. Februari ni majira ya kaskazi, wakati ambapo nduwaro na jodari hupita katika mkondo wa Pemba na wavuvi wa Wasini, Shimoni na Vanga hutarajia neema. Mbele ya kijiji kuna kisiwa cha Wasini, nyuma kuna msitu na mapango ya matumbawe yaliyokipa kijiji jina lake, mapango ambayo wenyeji husimulia kwamba yalitumiwa kuwafungia watumwa kabla ya kusafirishwa. Mvuvi yeyote duniani angepapenda. Hemingway, aliyekuwa amevua maji ya Malindi akiwa na umri wa miaka 34, sasa alikuwa na miaka 54 na hakuwa na nguvu za kuupinda mshipi. Siku nyingi alibaki kambini huku wengine wakienda baharini. Hapakuwa na kaunta wala kiti cha kona, lakini chupa hazikukosekana, na kwa ini lililojeruhiwa chupa ndizo zilizokuwa hatari kuliko bahari.

Ndipo moto ukazuka kichakani karibu na kambi. Nyasi za kaskazi huwa kavu kama karatasi. Watu wakakimbia kuuzima, na Hemingway, ambaye hakupaswa hata kusimama kwa muda mrefu, akataka kusaidia. Alipepesuka na kuangukia ndani ya moto. Walimtoa akiwa ameungua miguu, tumbo, kifua, midomo, mkono wa kushoto na kigasha cha kulia. Baadhi ya sehemu hizo zilikuwa bado na vidonda vya Butiaba.

Hiyo ndiyo kumbukumbu ya Hemingway katika ardhi ya Kwale. Mwezi Machi alipanda meli Mombasa akaelekea Venice. Marafiki waliompokea walishtuka kumwona nywele zimegeuka nyeupe na mwili umekonda. Alishukia hoteli ya Gritti Palace, ambako kutoka hapo hadi Harry's Bar ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Oktoba 28, 1954 ilitangazwa kwamba ameshinda Nobel. Hakuweza kusafiri hadi Stockholm kwa sababu ya majeraha, na balozi wa Marekani nchini Sweden alimwakilisha. Medali aliitoa kwa madhabahu ya Bikira Maria wa El Cobre, nchini Cuba. Mwaka huohuo Floridita iliweka sanamu ya kichwa chake ukutani, juu ya kona yake. Mteja alikuwa amegeuka pambo la baa akiwa bado hai na bado anakunywa.

Madaktari walimwonya. Mwaka 1956 mjini Madrid aliambiwa waziwazi kwamba ini lake halistahimili tena, apunguze pombe. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa suala la glasi tu. Kwake yeye, kuacha pombe kulimaanisha kupoteza pia kiti, saa ya adhuhuri baada ya kazi, watu waliojua jina lake na mhudumu aliyejua kipimo chake. Alijaribu kwa vipindi, akashindwa kwa vipindi.

Zawadi ya mwisho aliipata Ritz. Husimuliwa kwamba mnamo Novemba 1956 hoteli hiyo ilimkumbusha kuhusu masanduku aliyoyaacha ghalani tangu mwaka 1928, na kwamba ndani yake yalikuwamo madaftari ya ujana wake wa Paris. Iwe masanduku yalikuwa na yote yanayodaiwa au la, miaka iliyofuata aliandika kumbukumbu za Closerie des Lilas, za kahawa moja kwa asubuhi nzima na meza isiyokodishwa kwa bei. Kitabu hicho, A Moveable Feast, kilichapishwa mwaka 1964, yeye akiwa hayupo tena.

Aliondoka Cuba Julai 1960 na hakurudi. Mwishoni mwa mwaka huo alilazwa katika hospitali ya Mayo, Minnesota, akapitishwa umeme kichwani kutibiwa huzuni kali, tiba aliyoilalamikia kwamba ilimfutia kumbukumbu, yaani mtaji wake. Baba yake alikuwa amejiua mwaka 1928. Asubuhi ya Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, Ernest Hemingway alijipiga risasi, zikiwa zimebaki siku 19 atimize umri wa miaka 62.

Jina lake limerejea pwani ya Kenya tangu wakati huo, ila si Shimoni. Hoteli ya kifahari inayoitwa kwa jina lake iko Watamu, upande wa kaskazini, na wavuvi wa mchezo kutoka ng'ambo huishukia kila kaskazi. Yeye hakuwahi kunywa humo. Huko Havana, mwaka 2003, Floridita iliongeza sanamu yake ya shaba yenye ukubwa wa mtu kamili, iliyochongwa na José Villa Soberón. Imeegemea kaunta, mwisho wa upande wa kushoto, ikitazama mlangoni, na watalii hupanga foleni kupigwa picha kando yake, glasi mkononi.